Mstari wa Alhamisi

"Donc, kwa hiyo kaboni ya zamani iko ndani ya barafu? Nani alikuwa kule kuipima, madame?" Komanda alicheka mlangoni mwa darasa.

Orpha, mwalimu wa jeografia, alikuwa akifundisha jinsi barafu ya kale inavyotunza hewa na vumbi la kila mwaka. Komanda huyu ndiye aliyeapa redioni kwamba soko la Kisangani liliungua Jumanne, siku moja kabla ya askari wake kuingia mjini.

Akatoa bonge la barafu kwenye friji ya mafuta ya taa. Wiki nzima wanafunzi walikuwa wakigandisha humo, tabaka moja kila siku, maji ya beseni lililokaa wazi uani.

"Jumanne, nyeupe. Jumatano, nyeupe."

Kidole chake kikagota kwenye mstari mweusi wa masizi.

"Alhamisi. Nani alikuwa hapa, komanda?"

Komanda aliwatazama wanafunzi mmoja mmoja, kisha akaufunga mlango kwa ndani.