Samaki wa Mzee Khatibu

Mzee Khatibu hakuwahi kuambiwa kitu asichokijua. Muuza samaki alipomwonya kwamba samaki wa mapambo aitwaye beta, dume lake haliwekwi tangi moja na jike, alimjibu kuwa yeye ameoa miaka thelathini, hafundishwi na mtu wa dukani, akawanunua wote wawili.

Asubuhi iliyofuata mkwewe, Sudi, alikuja kumchukua mkewe Salhina, aliyekimbilia kwa baba yake wiki mbili zilizopita, mkono umefungwa bendeji. Wanaume wakakaa mbele ya tangi wakinywa chai. Dume mwekundu alitanua mapezi, akamfukuza jike mpaka pembeni, akamnyofoa kipande cha mkia.

"Watazoeana," alisema Mzee Khatibu. "Mwanzo huwa hivyo."

"Ndivyo walivyo, baba," Sudi aliitikia, akichovya andazi.

Salhina aliwatazama wanaume hao wawili kama mtu anayetazama nzi kwenye mchuzi. Akaenda jikoni, akarudi na jagi na chujio la chai. Alichota maji ya tangi, kisha kwa mkono wake mzima akamkinga jike kwa chujio na kumtia jagini.

"Mrudishe," alisema baba yake.

"Huyu harudi, baba. Wala mimi."

Hakuna aliyeinuka. Andazi la Sudi lilikuwa limekatikia kikombeni, naye akashughulika kuliopoa kwa kijiko. Salhina aliketi kizingitini, jagi mapajani. Samaki alikuwa amelala chini, mapezi yamenywea. Kisha, polepole, akaanza kupanda.