Mama wa Sikioni

Mwenye mtoto na asikie. Siku shule ilipoomba sauti za akina mama, Siwema alikuwa wa kwanza kukaa mbele ya mashine ya kunasa sauti. Binti yake Hidaya alikuwa mtoro wa kupindukia, na Mwalimu Mgaya alimwambia, "Mama Hidaya, mtoto hamtoroki mamake. Sauti yako tunaiazima tu." Basi akaitoa yote: ya kubembeleza, ya kucheka, hata vitendawili vyao vya jikoni.

Utoro ukakoma kweli. Kila mwanafunzi alivaa kidude sikioni, na masomo yakamjia kwa sauti ya mama yake, mama asiyechoka wala kufoka. Hidaya akawa anawahi shule kuliko jogoo. Kisha akaanza kulala na kidude chake. Siwema alipokwenda kuidai sauti yake, mwalimu alicheka. "Unataka atoroke tena?"

Jioni moja, akichambua mchicha, Siwema alimchokoza bintiye. "Kitendawili!"

"Vyako nimeshategewa vyote," alisema Hidaya. "Nitege mimi. Kitendawili!"

"Tega."

"Mama wawili, sauti moja. Mmoja ananipenda."

Mchicha ulimponyoka. Jibu alilijua, ila aliinama kuuokota.

"Umeshindwa! Nipe mji."

"Nakupa nyumba hii, mwanangu."

Hidaya aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayenong'onezwa, kisha akatabasamu.

"Mama anasema huo nisiupokee. Nipe mji mwingine."