Moja Iliyokataa Kushuka

Namba ilikataa kushuka chini ya moja.

Vaidehi aliikodolea macho skrini. Hina ya harusi ilikuwa bado mbichi viganjani, kwa hiyo alibonyeza kwa ncha za vidole tu. Treni ya kwenda kwao Satara ilikuwa inaondoka saa kumi. Kesho ndiyo anaolewa.

"Hutoki humu mpaka isome sifuri," alisema bosi wake, Sabnis. "Ndiyo sheria yangu. Sijawahi kumlegezea mtu."

Kazi yenyewe haikuwa ngeni. Kompyuta zote za ofisi ziliazima mafaili kwenye kompyuta kubwa moja, kupitia mtandao. Ukiazima, hesabu inapanda, ukirudisha, inashuka. Shida ilikuwa kwa walioazima wakakwama njiani: programu iliwaacha waende zao bila kurudisha. Tangu asubuhi Vaidehi alikuwa ameziba mianya kumi na tisa ya namna hiyo, ndani kabisa ya kiini cha mfumo. Hesabu ikabaki moja.

Tukaram wa chai akapita na kopo la chakula lenye jina la Gadgil.

"Bado linaletwa?" Vaidehi akashangaa. "Si aliacha kazi mwaka juzi?"

"Mkewe hajui, masikini. Anadhani mumewe bado yuko kazini. Mimi naliweka palepale alipozoea, mlangoni pa chumba cha mashine. Jioni nalikuta jeupe."

"Nani anakula?"

"Panya, dada. Panya wa Mumbai wanajua mpaka kurudishia kifuniko."

Vaidehi akacheka, kisha akarudi kwenye skrini. Akatafuta jina la aliyeshikilia faili la mwisho.

"Saheb! Ni Gadgil! Aliondoka bila kurudisha!"

"Mvivu yule!" Sabnis akafoka. "Nilimpa kazi kama yako hiyo, siku ileile akatoroka. Hata kuaga hakuaga. Mnyang'anye!"

Vaidehi akabonyeza. Sifuri. Akanyakua mkoba, mbio mbio kuelekea ngazini.

Nyuma yake mlango wa chumba cha mashine ukalia. Akatoka mwanamume mwenye ndevu za kufika kifuani, anafuta mdomo, kopo tupu mkononi.

"Saheb, imesoma sifuri," alisema Gadgil. "Sasa naweza kwenda nyumbani?"