Alivyozoea Kuanguka

Siku hizi mume akikupiga hafungwi. Analetwa kwako kila Jumamosi awe mwenza wako wa mazoezi ya kujihami. Mume wangu Sengondo, aliyenivunja taya, alikuwa akirusha ngumi polepole, namshika kifundo cha mkono, anaanguka. Hivyo hivyo, miaka nenda rudi.

"Huko si kupigana," shoga yangu Tunu alinicheka. "Siku akija na hasira zake za kweli, ataanguka?"

Adhabu ilipokwisha, akaja nazo. "Leo utanitambua!" Ngumi ilikuwa juu.

Nikamgusa kifundo tu. Magoti yakapiga sakafu, naye akabaki kuyakodolea macho kana kwamba si yake.

"Ulidhani nilikuwa najifunza mimi?" nikamuuliza. "Jumamosi uje mapema."

Hakutaka kuitikia. Akaitikia.