Mkufu wa Kijani Kitupu

Niliufumua mkufu wote wa wifi yangu, shanga nilizozifuata Mikumi zikatawanyika kwenye ngozi ya ng'ombe niliyoikalia. Harusi ni kesho.

Kosa la mnajimu wa kwenye simu. Eti huu msimu wa nyota ya Ng'ombe, rangi yake kijani. Nijitunze, nipumzike, ubunifu utakuja wenyewe. Nikatunga kijani kitupu. Mama mkwe alipouona akaguna.

“Nalangu, kijani bila nyeupe ya kukikata? Mwanangu tunamwoza au tunampeleka malishoni?”

Nikaanza upya kwa hasira, sindano ikanichoma. Akanishika mikono, akaipaka samli hadi kwenye vidole.

“Pumzika kwanza, mwanangu. Kazi itakuja yenyewe.”

Hata yeye!

Nikainyakua sindano. Vidole viliteleza, sikuweza kuokota hata shanga moja.