Sahani ya Peke Yake

Sikudhani alirudi bwenini mchana, mikono ikinuka sabuni. Asubuhi hiyo, kwa mara ya kwanza tangu aanze kusomea uuguzi, alikuwa ameosha maiti wodini. Wenzake walikuwa wamezunguka sinia la wali kama kila siku, na wali ulikuwa haujaguswa. Kando, juu ya kigoda, palikuwa na sahani moja iliyofunikwa.

"Tumekupakulia yako," alisema Tausi, rafiki yake. "Tulidhani utachelewa."

Hakuna aliyemsogezea nafasi. Waliitazama mikono yake, kisha wakatazama wali. Juzi tu walifundishwa namna ya kumhudumia mtu anayekufa, na Tausi ndiye aliyejibu maswali yote.

Sikudhani aliichukua sahani yake, akarudi wodini. Kitanda cha marehemu kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi. Kwenye kitanda cha jirani alilala Bi Mashavu, ambaye madaktari walikuwa wameshamwachia Mungu. Alimwita kwa kidole.

"Wewe ndiye uliyemwosha mwenzangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Nilikusikia nyuma ya pazia. Kila ukimgeuza ulimwambia pole."

Sikudhani aliinamisha kichwa. Hakujua kwamba kuna aliyesikia.

"Umebeba nini?"

"Wali, bibi. Ngoja nikakuletee kijiko."

"Kijiko cha nini," alisema Bi Mashavu. "Si una mkono?"

Akafumba macho, akafungua kinywa, akangoja.