Sanduku la Mtaa

Mjane aliuma ncha ya mtandio wake ili asicheke. Waliokaa karibu naye walidhani analia, wakamwonea huruma, na mmoja wao akamsogezea glasi ya maji.

Ua ulikuwa umejaa. Mtaa mzima ulikuja kumkumbuka marehemu mumewe, fundi viatu wa kibanda cha kona. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sanduku, maana ukimwekea neno, halitoki.

Aliyekuwa akizungumza ni mkunga. "Mimi nilimsimulia habari za mama mkwe wangu kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Hakunikatiza hata mara moja! Anashona, anatikisa kichwa, anashona. Mume wangu mwenyewe nikianza tu, ameshasinzia."

Watu wakaangua kicheko. Mume wa mkunga akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Fundi baiskeli akadakia. "Na ujasiri je? Siku ile tairi la lori lilipopasuka mbele ya kibanda, sote tulilala chini. Mimi niliingia uvunguni mwa meza ya muuza matunda, sioni aibu kusema. Sanduku hata sindano haikutetereka mkononi. Yule alikuwa na moyo wa chuma!"

Mjane akaukaza mtandio kinywani. Wifi yake, dada wa marehemu, alimfinya paja. "Jikaze," alimnong'oneza. "Wanakutazama."

Walikuwa wanamtazama kweli. Tangu msiba uanze, hakuna aliyekuja kumpa pole akaondoka bila kuchokonoa. Mwalimu mkuu alianza na habari za mvua, akaishia kuuliza kama marehemu alikuwa na kawaida ya kusimulia mambo ya kazini. Mchinjaji alileta nyama nyingi kupita kiasi, akasimama mlangoni akipangusa jasho, naye akauliza hilo hilo. Watu walikuwa wamemwaga mioyo yao yote pale kibandani, na sasa walijiona wako mikononi mwa mjane.

Yeye aliwajibu wote neno moja: "Mume wangu hakuwahi kunieleza siri ya mtu." Ilikuwa kweli tupu. Lakini kwa jinsi alivyoisema, midomo ikimcheza, hakuna aliyeamini.

Alipoingia jikoni kuongeza vikombe, mwoka mikate alimfuata. Lilikuwa jitu la miraba minne, lakini siku hiyo lilitembea kama paka aliyeiba.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "najua unajua."

"Najua nini, mwanangu?"

"Habari ya asubuhi ya harusi yangu."

Mjane akaweka birika chini. "Hebu nieleze mwenyewe."

Mwoka mikate akajieleza. Asubuhi hiyo alikuwa ameshafunga begi lake atoroke. Hakuwa na kitu, hakuwa na hakika, na bibi harusi alimpenda kiasi cha kumtisha. Akiwa njiani kiatu kikaachama, akaingia kwa Sanduku. Humo ndani akatapika yote yaliyokuwa moyoni, akalia kama mtoto.

"Alinisikiliza mpaka mwisho, Mama. Halafu akakata uzi, akanitazama, akasema: 'Vaa, uende. Mwanzoni kutabana kidogo, halafu utazoea.' Basi. Nikaliacha begi pale pale, nikaenda kuoa."

"Kumbe ulikuwa unakimbia?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, sinia mkononi. Mwoka mikate akageuka, rangi imempotea.

"Mimi nakusubiri mbele za watu mpaka maua yananyauka," mkewe alisema. "Umefika unahema, ukaniambia ni kiatu."

"Kiatu nacho kilikuwa kweli, mama watoto."

Mkewe alimkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mjane hakujua kama ni kilio au kicheko mpaka alipomwona analiweka sinia chini na kumpiga mumewe ngumi ya kifua, ya mapenzi.

"Mwoga mkubwa we! Miaka yote hii nadhani nimeolewa na shujaa." Akaishika mikono ya mjane. "Mama, nyumba yangu imesimama kwa maneno ya mzee. Wanangu wapo kwa sababu yake. Nitamshukuru vipi mtu aliyeondoka?"

"Angefurahi sana kukuona hivi," mjane alisema, na safari hii machozi yalimtoka kweli. Alimkumbuka mumewe. Kibandani macho yake hayakuwahi kubanduka kwenye sindano. Nyumbani hayakuwahi kubanduka usoni pa mkewe.

"Nakwenda kuwaambia wote," alisema mwoka mikate. Woga ulikuwa umemtoka kabisa. "Watu wajue mzee alikuwa mshauri wa namna gani." Akatoka, mkewe nyuma yake akimsukuma mgongoni, na punde sauti yake nene ikasikika uani, na watu wakatulia.

Wifi aliingia na vikombe vichafu. "Umesikia anayoyasema huko? Wifi, huoni sasa ni vizuri tuwaambie ukweli?"

Mjane alijifuta uso, akachukua birika.

"Tuwaambie nini, wifi? Kwamba kaka yako, tangu kabla hatujahamia mtaa huu, hata radi alikuwa anaiona tu, haisikii?"